Mzee Mghenyi na Nyama ya Kwenye Tangi

Jamani, someni hii mpaka mwisho kabla hamjanitumia tena zile namba za kulipia hisa. Wiki hii nimeombwa mara tatu nijiunge na kampuni ya nyama isiyochinjwa, na nguvu za kubishana sina. Nasimulia tu, anayetaka asikie.

Palikuwa na mzee mmoja wa Singida, Mghenyi, mwenye bucha sokoni. Miaka thelathini anakata nyama. Mgongo umekwisha, magoti ndiyo usiseme. Mali yake ilikuwa bucha hilo tu, nalo ndilo lililowalisha yeye na mkewe, Mama Njiku.

Siku moja akaja mtaalamu kutoka mjini, Dakta Winfrida. Akaeleza kwamba wanachukua chembe ndogo kwa ng'ombe aliye hai, wanaikuza ndani ya tangi mpaka inakuwa mnofu. Ng'ombe mwenyewe yuko malishoni anatafuna majani. Kampuni inatafuta watu wa kununua hisa, na maelezo yote akamwachia kwenye karatasi.

"Aliyechinja nani?" mzee akauliza.

"Hakuna aliyechinja, mzee wangu."

"Basi hiyo si nyama. Mnatuletea mpira."

Dakta hakukasirika. Akafungua kiboksi cha barafu, akatoa kipande kisichozidi kiganja.

Sasa, muuza bucha humdanganyi kwa nyama. Mghenyi alikibonyeza kwa dole gumba, akakinusa, akakikata na kuzitazama nyuzi zake. Kisha akakikaanga bila chumvi wala ndimu, maana viungo huficha mengi. Akatafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Lo! Hii ni nyama," akasema. "Nyama kabisa."

Mama Njiku akamvuta pembeni. "Baba Njiku, tungoje kwanza."

"Tungoje nini? Si nimeonja mwenyewe? Unataka nife nimeshika panga?"

Unadhani alimsikiliza? Thubutu! Mwezi huohuo bucha likauzwa, na pesa yote ikaingia kwenye hisa.

Mwaka wa kwanza kimya. Wa pili ikaja barua: kampuni inafungwa. Mzee akapanda basi, amefura kwa hasira, anakwenda kumkamata tapeli.

Tapeli hakumkuta. Alimkuta Dakta Winfrida peke yake, macho mekundu, anapanga vitabu kwenye maboksi. Nyuma yake tangi lilikuwa linanguruma, na ndani yake nyama ilikuwa inakua kama alivyoelezwa. Hakuna hata neno moja lililokuwa la uongo.

Mzee akaketi juu ya boksi.

"Hili linatoa kilo ngapi kwa siku?"

"Kwa siku? Ni kilo mbili kwa mwezi, mzee wangu."

"Na kilo moja inawagharimu kiasi gani?"

"Bei ya ng'ombe mzima. Tulitumaini itashuka, haikushuka. Kibali cha kuuza nacho hatujapata mpaka leo. Hata mimi nyumba aliyoniachia mama imekwenda humohumo."

Mghenyi akamtazama. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Yote yalikuwa kwenye karatasi niliyokuachia. Wewe uliniuliza kama ni nyama. Na ni nyama."

Leo Mghenyi ana miaka sitini na tisa. Anakata nyama kwenye bucha la mtu mwingine, analipwa kwa wiki, na Mama Njiku hajawahi kumwambia "nilikuambia," jambo ambalo linamuumiza zaidi.

Wateja humuuliza, "Mzee, eti walikutapeli?"

"Afadhali wangenitapeli," hujibu, huku akifuta mikono. "Ningewalaani, nikalala. Mimi sina wa kumlaani."

Funzo: Kitu kuwa cha kweli si sawa na kitu kulipa. Kabla hujaweka riziki yako yote mahali pamoja, uliza kinatengenezwa kwa gharama gani, kitauzwa lini, na kisipouzwa wewe na wa nyumbani kwako mtakula nini.