Maji Makavu

Paukwa!
Pakawa!
Wenye mikia?
Tumeishika!
Wasio nayo?
Tunasikiliza!

Hapo kale, mbugani, viluwiluwi, watoto wa chura, waliishi katika dimbwi dogo. Mkubwa wao aliitwa Mzee Kidundu. Uzee wenyewe, msinichekeshe: yeye alianguliwa asubuhi, wenzake mchana.

Dimbwini humo mtu haaminiwi mpaka aape kwa mkia wake.

Jua likawaka, maji yakapungua. Akaja shangazi yao, Bi Kerero, chura mzima. "Wanangu, tokeni, mtafia humo! Huku nje kuna nchi kavu, na ng'ambo kuna mto."

"Apa kwa mkia wako!" akasema Kidundu.

"Sina mkia, mwanangu."

"Basi huna ukweli. Kavu haipo!"

Wakamzomea: zii! zii!

Maji yakapungua. Kidundu akaota miguu ya nyuma. Haya aliyoiona! Akaifukia topeni. Bi Kerero akaja: "Tokeni!" Kidundu akajibu, "Kavu haipo!" Lakini safari hii alisema huku akijikuna paja.

Maji yakapungua. Miguu ikawa minne, mkia ukamwishia kama kipande cha sabuni. Bi Kerero akaja, hakusema kitu. Alilia tu. Hapo Kidundu akaingiwa na hofu. Akaruka nje, pwaa! Akaikanyaga kavu. Akaikanyaga tena. Akarudi mbio.

"Jamani, kavu ipo! Nimeikalia!"

"Apa kwa mkia!"

Akajipapasa nyuma. Patupu.

"Zii! Zii!"

Maji sasa hayafuniki hata tumbo, wadogo zake wanahema, na Kidundu anawapenda, wapumbavu wale. Akameza mate.

"Mnasema kweli. Kavu haipo. Huko nje ni maji matupu, ila ni maji makavu."

"Makavu?"

"Makavu. Hayazamishi mtu."

"Si ungesema mapema!"

Wakachomoa miguu topeni. Kumbe kila mmoja alikuwa ameificha yake! Wakaruka, pwaa, pwaa, pwaa, mpaka mtoni.

Bi Kerero akafoka, "Mwongo wee! Kwa nini hukuwaambia kweli?"

"Nimewaambia, shangazi. Ilikuwa kavu mno, nikailowesha kidogo ishuke kooni."

Basi wanangu, ukweli huota miguu polepole. Anayekubishia leo, huenda kesho akakupita mbio.

Hadithi imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni. Uongo wake mkamdai mama mkwe wangu, ndiye aliyenisimulia.