Zimwi Lililokalia Hati

Sogeeni, ngano yangu ina miguu, itawakimbia!

Semboja mkulima na Naserian mfugaji waligombea bonde moja, na hati ya bonde hilo ilikuwa kitini, imekaliwa na zimwi. Walikwenda kuidai huku wakitukanana. Zimwi likanenepa, likasema, “Njooni kesho!” Wakarudi wakisukumana. Likanenepa zaidi. “Njooni kesho!”

Njiani Naserian akasimama. “Kaka, zimwi hili linakula ugomvi wetu.”

“Kumbe, dada! Basi mimi nilime, na nikishavuna, ng'ombe wako waje wale mabua.”

“Nao watakuachia samadi.”

Wakarudi mara ya tatu wakicheka. Zimwi likalia, “Gombaneni basi, japo kidogo! Nina njaa!” Wakazidi kucheka. Likanywea, likanywea, likanywea, likawa kama panzi. Hati ikabaki wazi kitini, wakaichukua, wakaiandika majina yote mawili.

Mavuno yalipokwisha, ng'ombe waliingia shambani kwa vigelegele. Zimwi lilikuwa juu ya bua, likipiga kelele, “Gombaneni!” Ndama akalimeza pamoja na bua lake.

Mpaka leo ndama huyo akicheua, tumboni husikika sauti: “Njooni kesho! Njooni kesho!”