Mwanamke Aliyebeba Ukuta Kichwani

Usinibetulie midomo, Gagik. Mjukuu mzima mwenye ndevu, unadhani kwa kuwa niliishia darasa la nne basi kila nisemalo ni porojo? Hiyo sarafu ya shaba umeiokota mwenyewe kwenye mizabibu yetu, umemwona mwanamke amebeba ukuta kichwani, na bado unabisha. Sikiliza kwanza.

Zamani sarafu za mji huu zilikuwa na uso wa mfalme wa Armenia, amevaa taji refu lenye meno matano. Kisha Warumi wakaja. Mfalme akakimbilia milimani, nao wakaubomoa ukuta wa mji jiwe kwa jiwe, watu wakitazama. Hebu fikiri: unaamka, na pale ulipokuwapo ukuta tangu enzi za babu wa babu yako, unaona mashamba matupu na upepo.

Jemadari wa Kirumi akamwita Tiran, fundi aliyechonga mihuri ya kugongea sarafu. Akamwambia, "Mfalme simtaki. Weka mwanamke, awe ndiye mji wenu. Nikikuta chochote cha mfalme kwenye shaba, mkono wako wa kulia naukata."

Tiran akachonga muhuri wa mwanamke, mzuri hasa. Ilimpasa sasa ayeyushe sarafu kuukuu, lakini makaa karibu yote askari walikuwa wameyachukua kuotea moto, na yaliyobaki hayakutosha kuyeyusha shaba. Basi akafanya uvivu wa mafundi: akazipasha tu mpaka zikalainika, akamgonga mwanamke juu ya mfalme. Pua ya mfalme ikapotea, ndevu zikapotea. Taji halikupotea. Akagonga tena, na tena. Meno matano yakabaki yamesimama juu ya nywele za yule mwanamke. Tiran akaduwaa, nyundo mkononi.

Kabla hajazificha, jemadari akaingia. Akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga, uso ukambadilika. Askari wawili wakaukandamiza mkono wa Tiran juu ya fuawe, chuma alichogongea sarafu. Wa tatu akainua shoka.

Hapo Ashken, mkewe, aliyekuwa akivukuta moto, akasema, "Bwana, hilo si taji. Ni ukuta wa mji."

"Ukuta niliubomoa mimi."

"Ndiyo maana ameubeba kichwani. Chini umemwachia wapi pa kuutua?"

Shoka liko juu, mume kalazwa mkono, na mtu anajibu hivyo. Mpaka leo mwili unanisisimka. Aliyeshika shoka alisahau kulishusha, na Tiran mwenyewe alimtazama mkewe kana kwamba hajawahi kumwona. Jemadari akatazama sarafu, akatazama nje, kule kulikobaki vifusi.

"Basi chonga na milango," akasema hatimaye, "watu wajue kweli ni ukuta." Wakamwachia mkono.

Tiran akauchonga ukuta na milango yake kwenye muhuri palepale, vidole vikimtetemeka; ndiyo maana milango hiyo imekwenda upande, itazame vizuri. Na tangu siku hiyo mwanamke wa sarafu za mji huu hana taji lingine ila ukuta. Hata wafalme waliorudi baadaye walimkuta nao, na hakuna aliyethubutu kumtua mzigo.

Sasa bisha, Gagik. Lakini utabisha na kuta, maana mimi natoka, na mlango naufunga.