Mashine Mbili, Nafasi Moja

Wembamba wa reli, garimoshi hupita. Maana yake ni kwamba kitu kinaweza kuonekana dhaifu machoni pa watu, kumbe kina nguvu za kubeba mzigo mzito. Mhandisi mmoja wa madaraja aliyathibitisha maneno haya siku aliposhindana na wifi yake.

Wawili hao walikuwa wamefanya kazi ofisi moja tangu ujanani, kila mmoja na kompyuta yake. Sasa ofisi ilikuwa ikiondoa vitu vikuukuu ghalani, zikiwemo kompyuta hizo mbili. Chuo cha ufundi kilikubali kuchukua kompyuta moja tu kwa ajili ya ukumbi wake wa maonyesho, ile yenye uwezo zaidi. Ya pili ingepakiwa kwenye lori la vyuma chakavu, ambalo tayari lilikuwa uani likinguruma. Mhandisi alishikwa na simanzi. Kwa mashine ile alikuwa amepiga hesabu za daraja lake la kwanza.

"Wifi, kichakataji changu, ubongo wa kompyuta, kina mapigo mara mbili ya chako kila sekunde," wifi yake alitamba. "Huu ni ushindani wa sungura na kobe!"

"Hadithi hiyo uliisikia mpaka mwisho, wifi?" mhandisi akamjibu.

Wafanyakazi waliokusanyika ghalani wakaangua kicheko. Mume wa mhandisi, aliyekuja kusaidia kubeba, akainua mikono. "Mimi simo. Huyu mke wangu, yule dada yangu. Nikifungua mdomo tu, nimekwisha!"

Wifi mtu akachagua jaribio mwenyewe: hesabu za daraja refu lenye maelfu ya vyuma. Wakabonyeza kwa pamoja. Feni ya mashine ya wifi ikavuma kama upepo wa masika, na kazi ikaenda mbio. Ya mhandisi ikajikokota nyuma. Mwenyewe hakubandua macho kwenye kioo.

Hesabu zikazidi uzito. Kichakataji chenye mapigo mengi kikaanza kukwama, kwa kuwa kila mara kilingoja takwimu ziletwe kutoka mbali. Cha mhandisi kilikuwa na akiba kubwa ya takwimu karibu yake, na kila pigo lake moja lilimaliza hesabu kadhaa. Kikakaribia, kikalingana, kikapita. Kioo kikaandika: IMEKAMILIKA.

"Ngojeni!" wifi akapaza sauti. "Haraka haraka haina baraka. Pengine imekosea!"

Wakangoja mpaka ya pili ikamaliza. Wifi akavaa miwani, akalinganisha majibu mstari kwa mstari. Yalikuwa yaleyale, hadi tarakimu ya mwisho. Akavua miwani na kumkumbatia mwenzake kwa nguvu.

"Umenipiga mweleka, wifi yangu! Haya, nipisheni. Hii yako naisukuma mwenyewe kwa kitoroli mpaka kwenye gari la chuo."

Vigelegele vikatanda ghala zima. Mhandisi akatembea kando ya kitoroli, kichwa juu, machozi ya furaha yakimlengalenga. Ama kweli, wembamba wa reli, garimoshi hupita.