Asubuhi Nakijwa Alipofungua Mifereji Yote

Maji ya mifereji yote hayafiki shamba lolote. Mmemsikia mama yenu akimwambia kaka yenu Semboja maneno hayo wakati wa chai, mkaniona nacheka peke yangu, na sasa mnataka kujua kulikoni. Haya, kaeni hapo kitandani, msogeleane mpate kuenea. Maneno hayo yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni shangazi yenu Nakijwa, mwaka ule aliomaliza kidato cha nne.

Nakijwa alifiwa na baba yake akiwa darasa la tano. Mama yake hakuwa na kitu zaidi ya shamba la maharage na mikono miwili, kwa hiyo mtoto akasomeshwa na ukoo mzima. Shangazi yake, Namsifu, ndiye aliyemnunulia godoro na tranka la kwendea bweni. Baba yake mdogo, Elinami, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimfundisha hesabu kila likizo bila kuchoka. Tena alikuwapo mjomba mmoja, karani mjini Same, mtu wa kichwa kigumu na suruali za kunyooshwa pasi, ambaye ndiye aliyesaini karatasi zake zote za shule kama mlezi. Jina la mjomba huyo tuliache kwanza.

Mtoto aliyelelewa na wengi hujifunza mapema kusema ndiyo, na Nakijwa alikuwa bingwa. Matokeo yalipotoka, akawa amefaulu vizuri. Shangazi Namsifu akamshika mkono mlangoni mwa kanisa: uuguzi, mwanangu, wewe una huruma. Ndiyo, shangazi. Baba mdogo akasema ualimu, mimi nimekuandaa kwa mikono yangu. Ndiyo, baba. Mjomba naye akapanda mlima na basi la Jumamosi kuja kusema kwamba hakuna kazi kama uhasibu: meza, kivuli, na nguo zisizopata tope. Ndiyo, mjomba. Basi zikaandikwa barua tatu kwenda vyuo vitatu, na vyuo vyote vitatu vikamkubali.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Shangazi akashona gauni jeupe la uuguzi kabla hata hajachukua vipimo. Baba mdogo akawa anamwita Nakijwa "mwalimu mwenzangu" mbele za watu. Mjomba ndiye aliyezidi wote. Alikwenda kwa seremala akaagiza kitanda cha mninga chenye maua ya kuchonga upande wa kichwani, akakiweka katika chumba kimoja nyumbani kwake mjini, ili mtoto asome uhasibu akilala pazuri.

Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na barua ya nne. Hiyo Nakijwa aliiandika mwenyewe, akaipeleka posta mwenyewe, kwenda chuo cha ufundi wa maji. Tangu mdogo alikuwa mtu wa ndiva. Mnaijua ndiva yetu hapa Kwamkonje: bwawa la kukusanya maji ya kijito, linalofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi, kila nyumba kwa zamu yake. Watoto wengine wakitumwa kuziba tundu la mfereji walirudi upesi. Nakijwa alirudi jua limekwenda, magoti yamejaa tope, kwa sababu alitaka kujua maji yalipotea kwa njia gani. Sasa chuo hicho nacho kilikuwa kimejibu ndiyo. Kilichobaki ni fomu moja kusainiwa na mlezi na kurudishwa posta Jumatatu, basi. Ikipita Jumatatu hiyo, nafasi inapewa mwingine.

Kila alipotaka kuitoa ile fomu chini ya tranka, alilikumbuka lile tranka lilikotoka. Akairudisha. Alikuwa akiwapenda mno hao watu watatu, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa.

Kulikuwa na desturi ambayo nyinyi hamkuikuta. Mtoto wa kwetu akifaulu, wazee wa ndiva walimpa maji ya asubuhi moja, ndiva nzima, ayapeleke anakotaka. Tuliyaita maji ya pongezi. Kwa kawaida mtoto aliyapeleka shambani kwa mama yake, wanawake wakapiga vigelegele, watu wakarudi makwao. Lakini mwaka huo mvua zilikatika maharage yakiwa katika maua. Kila shamba lilikuwa na kiu, na zamu ya Nakijwa ikaangukia Jumamosi iliyotangulia ile Jumatatu ya fomu, siku ambayo mjomba alikuwa amepanda kuangalia kishamba chake.

Nakijwa akasimama pale mifereji inapogawanyika. Iko minne: wa kwao, wa shangazi, wa baba mdogo, na wa mjomba. Kila mmoja ulizibwa kwa kipande cha mgomba na udongo. Akauzibua wa kwao. Akaona shangazi naye atasimama na jembe lake bure. Akauzibua wa shangazi. Baba mdogo je, na zile hesabu za kila likizo? Akauzibua. Ukabaki wa mjomba, naye akaona aibu kuuacha. Akauzibua.

Msidhani hakujua. Alijua kuliko yeyote kwamba mfereji mkavu hunywa wenyewe kwanza kabla ya kulinywesha shamba. Alijua, ila hakuwa na moyo wa kumfungia yeyote. Maji yakaondoka kwa kelele, yakaenda vizuri kidogo, kisha yakaanza kukonda. Akakimbia kuufuata mfereji mmoja, akarudi, akakimbia kuufuata mwingine. Kila alikokwenda aliyakuta yameishia njiani, udongo uliopasuka ukiyanyonya. Saa nne haijafika, ndiva ikaonyesha tope lake.

Wakaanza kupanda wenye mashamba, majembe begani, kila mmoja akimshuku mwenzake.

"Nani kanikatia maji?" shangazi Namsifu alianza akiwa bado mbali. "Nimesimama kule tangu saa moja, nimeona unyevu tu!"

"Dada, usiniangalie mimi," akasema baba mdogo. "Kwangu hata huo unyevu sikuuona."

Mjomba alifika wa mwisho, suruali yake ya pasi imelowa tope hadi magotini. Hakumsalimu mtu. Akaviangalia vile vipande vinne vya mgomba vilivyotupwa kwenye majani.

"Nani amezibua yote hii?"

"Ni mimi, mjomba."

"Yote?"

"Nilitaka kila mmoja apate."

"Wewe mtoto! Umezaliwa hapa, umekulia hapa, mpaka leo hujui? Maji ya mifereji yote hayafiki shamba lolote!"

Alisema kwa uchungu wa maharage yake. Hakukusudia hekima yoyote, msije mkampa sifa asiyostahili. Lakini Nakijwa alikaa chini pale pale kwenye tope, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti.

"Mwache mtoto, ni maji tu," shangazi akamgeukia mjomba.

"Si maji, shangazi," Nakijwa akasema katikati ya kwikwi. "Ni mimi. Nyote nimewaambia ndiyo. Wewe nimekuambia uuguzi, baba mdogo ualimu, mjomba uhasibu. Sikutaka mtu yeyote aone nimemfungia."

Wale watatu wakatazamana kama watu waliokutana mnadani wote wameahidiwa mbuzi mmoja.

"Na gauni langu?" akauliza shangazi.

"Lakini ni mwalimu mwenzangu," akasema baba mdogo, kwa sauti ndogo.

Mjomba hakutaja kitanda. Mama yake Nakijwa, aliyekuwa amesimama kando muda wote, akainama akamshika binti yake bega.

"Nakijwa, mwanangu. Shamba lako wewe ni lipi?"

Nakijwa akanyanyuka, akaenda nyumbani na kanga yake yenye tope, akarudi na karatasi imekunjwa mara nne. Hakumpa mama. Alimpa mjomba, kwa sababu ndiye mlezi wa karatasi.

Mjomba akaisoma. Akaisoma tena. Iliuma, sitawaficha. Alikuwa amekwisha kumwona katika akili yake akitoka asubuhi na mkoba, akirudi jioni kula naye wali, yeye ambaye hakujaliwa binti.

"Ufundi wa maji," akasema. "Buti za mpira na tope."

"Ndiyo, mjomba."

"Hiyo ndiyo yako ni ya kweli, au ni ile ya kila siku?"

Nakijwa akafuta machozi, akamtazama usoni. Hakuwahi kumtazama hivyo.

"Hii ni ya kweli."

Mjomba akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaiweka karatasi juu ya goti, akasaini. Kidole chake cha gumba kikaacha alama ya tope pembeni mwa jina. Jumatatu fomu ikaondoka na posta, na tope lake.

Maharage ya mwaka ule tulikula ya kununua. Shangazi Namsifu alinuna wiki mbili, kisha gauni jeupe akalivaa mwenyewe kwenye kwaya, likampendeza. Baba mdogo aliendelea kumwita mwalimu mwenzangu hadi alipozikwa. Na ile ndiva mnayochezea, kuta zake za saruji zisizovuja, mnajua ni nani aliyezisimamia na pikipiki yake na buti zake za mpira.

Kitanda cha mninga kilikaa mjini miaka mingi bila kulaliwa na mtu. Mjomba alipostaafu alikipandisha mlimani kwa lori la mbao, watu wakimcheka njia nzima. Papaseni upande wa kichwani wa hicho mlichokalia, mtayakuta maua ya kuchonga. Haya, chekeni, mmemjua mjomba mwenyewe. Suruali bado napiga pasi.

Nawe Semboja, uache kujificha nyuma ya dada zako. Kidato cha sita umekimaliza. Mama yako umemwambia udaktari, baba yako umemwambia sheria, na mimi juzi ulinikubalia uhasibu upesi mno. Nilifurahi, nisikudanganye, usiku ule nililala nikitabasamu. Lakini kalamu bado ninayo mfukoni. Nenda kalete hiyo karatasi uliyoificha, mjukuu wangu, tuisome pamoja. Maji ya mifereji yote hayafiki shamba lolote.