Pimbi, Nyati na Ukurasa wa Thelathini na Moja

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye karanga, tafuna kimyakimya! Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kusoma chuo kikuu, kulikuwa na binti mmoja, Pimbi. Mdogo wa umbo, lakini kichwani, mashallah!

Pimbi alikuwa na mashine yenye akili. Ukiiuliza, inajibu. Ukiiambia iandike, krr-krr-krr, kurasa arobaini! Lakini mkuu wa chuo, Profesa Tembo, alikuwa ametangaza: "Nitakayemkuta na mashine hiyo, arudi kwao!"

Siku moja Nyati, jirani wa chumba cha pili, akamkuta Pimbi nayo.

"Ahaa! Leo nimekupata! Mashine hiyo iniandikie tasnifu yangu, la sivyo naenda kwa Profesa."

Pimbi akawaza: Miaka mitatu ya kusoma iishe hivihivi?

"Kaka Nyati, usinifanyie hivyo. Utaipata. Ila utaisoma, eeh?"

"Nisome nini? Mimi nina nyasi za kula!"

Krr-krr-krr, mashine ikaandika. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja Pimbi akachomeka sentensi moja yake mwenyewe, kisha akampa Nyati.

Siku ya kutetea tasnifu ikafika, Nyati na Pimbi wote wakaingia ukumbini. Profesa Tembo akafunua, akafunua, akasita.

"Bwana Nyati, haya umeyaandika mwenyewe?"

"Kila neno, Profesa! Mpaka nukta!"

"Hapa umesema, 'Ili kuthibitisha utafiti wangu, nitatafuna sahani nzima ya pilipili kichaa mbele yenu.' Leteni pilipili!"

Zikaletwa, Nyati akachota. Akatafuna. Lo! Machozi, kamasi, pua fwoo!

"Maji! Jamani, maji! Si mimi niliyeandika, ni Pimbi na mashine yake!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Pimbi, Profesa akauliza:

"Pimbi! Kumbe mashine ndiyo inayokuandikia?"

Pimbi hakudanganya. "Tasnifu ya Nyati iliandikwa na mashine kwa woga wangu, Profesa, nisamehe. Yangu haijaandika hata mstari. Mimi naandika, yenyewe inaniuliza: 'Kwa nini? Nani kasema? Una hakika?' Hainipi nafasi ya kupumua! Niulize na wewe."

Tembo akamuuliza habari za dawa ya kupe, maana ndiyo aliyoitafiti. Pimbi akajibu. Akaligeuza swali juu chini, Pimbi akajibu. Saa nzima, hakukwama hata mara moja! Mzee wa watu hasira zikamwisha, akabaki kumtazama kwa furaha.

"Mimi na uprofesa wangu wote sijawahi kumbana mwanafunzi kwa maswali kama inavyokubana mashine yako. Umefaulu, binti yangu. Kesho ilete darasani mashine hiyo, ianze kuniuliza mimi."

Basi wanangu, mashine ikikuandikia utabaki ulivyo, lakini ikikuuliza ukajibu, elimu ni yako.