Honi ya Mzee Wima

Kila asubuhi Mzee Wima alifuta kioo cha pikapu yake, akapakia makasha ya vifaranga, kisha akapita mbele ya gereji ya mdogo wake akipiga honi kwa madaha. Haikuwa salamu. Alitaka ajulikane kwamba honi ile mpya, aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa bado inalia. Mdogo wake, fundi umeme wa magari, alikuwa amemwonya: "Kaka, usiunge waya usioujua." Naye akamjibu mbele za watu, "Mtoto wa juzi wewe, utanifundisha gari?" Tangu hapo hawakusemezana.

Jina la Wima alipewa na majirani. Hakuwa mtu wa kuinama. Hata viatu vyake havikuwa na kamba.

Asubuhi moja alipiga honi kama ada. Ikalia kidogo, ikakatika, na injini nayo ikazima. Pikapu ikasimama kimya kama maji ya mtungini, papo hapo mlangoni pa gereji.

"Baba watoto," mkewe alisema kutoka kiti cha pili, "shemeji huyo hapo. Mwite."

"Wa nini? Fyuzi tu hiyo."

Akafungua boneti. Kando ya betri palikuwa na kisanduku cheusi cha fyuzi. Akachomoa moja moja, akaziinua kwenye mwanga. Zote nzima. Akawasha, injini ikakohoa, isiwake. Akarudia kisanduku kilekile, kana kwamba fyuzi zingeona haya na kuungama.

Jua lilianza kuuma. Ndani ya makasha vifaranga walianza kuhema, midomo wazi.

"Watakufa wote," mkewe alisema polepole. "Fahari yako haitawapepea."

Mzee Wima akafunga kisanduku. Hatua chache hadi gerejini zilimwia nzito kuliko kupanda mlima.

"Gari limezima," alimwambia mdogo wake, macho yakiwa ukutani.

"Na salamu nazo zimezima?"

"Shikamoo hupewa mkubwa!"

"Basi shikamoo, kaka," fundi akacheka, akachukua tochi. Alipofika kwenye gari hakugusa kitu. "Inama."

"Niiname wapi?"

"Hapo, chini ya chujio la hewa. Zaidi. Shati litafuliwa."

Mzee Wima akainama, tumbo likilalamika, kifua kikipakwa grisi. Na hapo, gizani, akaona kisanduku cha pili ambacho hakuwahi kukijua.

"Humo ndimo ilimo fyuzi ya pampu ya mafuta. Waya wa honi yako umeuunga kwenye njia yake. Ulipozidi kupiga honi, fyuzi ikaungua."

Fundi akakata kiungo kile, akaweka fyuzi mpya ya rangi ileile. Mkewe Mzee Wima akageuza ufunguo. Injini ikanguruma, vifaranga wakaitikia.

Mzee Wima hakuinuka. Kichwa kikiwa bado chini ya boneti, alisema, "Nilikuvunjia heshima mbele za watu, na kweli ilikuwa yako. Nisamehe, mdogo wangu."

"Unaniambia mimi au betri?"

Mzee Wima akainuka, shati jeusi, akarudia kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara: "Nisamehe, mdogo wangu!"

Fundi akamkumbatia na grisi yake yote. Mke wa Mzee Wima akawatazama, akatabasamu, akasema, "Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame."